Msusi Mwenye Lugha Tatu

Msusi wa ghorofa ya chini lugha zake tatu alizipata vichwani mwa wateja, msuko baada ya msuko, ndiyo maana kwenye mikutano ya wakazi yeye ndiye hutafsiri. Hakai kitini. Husimama katikati ya watu, chanuo limechomekwa nyweleni, na vidole vyake husuka hewa kila anapotafuta neno. Kasoro yake ni moja tu: kicheko kikimshika, hakimwachii. Jumapili moja walibishana kama uwanja wa nyuma ufungwe, kwa kuwa mipira ya watoto ilikuwa inachafua nguo zilizoanikwa. Sauti zilipanda hadi mwenyekiti akagonga meza. Ndipo bibi wa ghorofa ya nne, ambaye hajawahi kufungua kinywa mkutanoni, akasema jambo kwa lugha yake. Msusi akataka kutafsiri, akaangua kicheko. Akajaribu tena, machozi yakamtoka.

“Dada, sema basi!” watu wakamsihi, nao wameshaanza kucheka bila kujua wanachokicheka.

“Anasema,” akahema, “mpira uliangukia shuka lake. Mtoto akamwomba radhi kwa lugha asiyoijua bibi, bibi akamtukana kwa lugha asiyoijua mtoto, wakaagana vizuri kabisa!”

Upande mmoja ukalipuka. Akageukia wa pili, akarudia kwa lugha yao, nao ukalipuka. Mwenyekiti, huku akijifuta macho, akauliza nani anataka uwanja ubaki wazi. Mikono ikajaa ukumbini, wa bibi ukiwa juu kuliko yote, na msusi alikuwa bado hajatafsiri hata neno la swali hilo.