Nazi Juu ya Bati

Nakumbuka nazi moja, Suleiman mwanangu. Umetoka jeshini, umeingia chuo, na tangu mlango ulipobamizwa darasani nawe ukajitupa sakafuni, umejifungia chumbani kwangu. Basi isikilize nazi hiyo.

Wakati huo mimi msichana, nauza mandazi chini ya dirisha la chuo cha ualimu hapa Bububu. Ndani yumo kaka yangu Makame, karudi vita vya Uganda, kavua gwanda kashika kalamu. Nazi ikaanguka juu ya bati. Makame huyo, chini ya meza, kawavuta na wenzake, "Laleni! Laleni!" Darasa zima likacheka. Akarudi nyumbani, akasema hasomi tena.

Tukasema ana jini. Kwetu kila kitu jini. Tukafukiza ubani, tukamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya, na usingizi haukuja. Bibi yetu mzaa mama akatema tambuu.

"Majini nnayajua mimi. Jini akipanda husema, nataka pete, nataka mbuzi mwekundu. Huyu kataka nini?"

Tukasema, hajataka kitu.

"Basi si jini. Ni vita, havijamshuka mwilini. Dua tutaomba, na hospitali atakwenda. Mficha uchi hazai."

"Hospitali ya wendawazimu, Bibi? Wataniona."

"Wakuone. Risasi hukuzikimbia, leo uwaogope wakaa barazani?"

Wakatoka mchana kweupe, bibi na buibui lake, Makame na kanzu iliyopigwa pasi. Wa barazani wakauliza, "Wapi tena, Makame?"

"Hospitali ya akili. Nani ananisindikiza?"

Hakucheka mtu. Nami na sinia langu kichwani, nikasimama njiani kuwatazama. Nimewaona wanaume wakibeba magunia ya karafuu, lakini mzigo kama ule, sijaona.

Akawa anakwenda, anameza vidonge, anazungumza na daktari. Chuo akarudi, akakaa karibu na mlango. Waliomcheka siwalaumu sana. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Basi siku moja yuko mbele ya wenzake, anajifunza kusomesha. Na mnazi, mwanangu, hauna adabu. Ukaangusha nyingine. Chaki ikamvunjika mkononi. Mimi nikatua sinia, nikachungulia dirishani. Akashika meza, akavuta pumzi, akatazama juu.

"Ni nazi," akasema. Akaokota kipande cha chaki, akaendelea na hesabu.

Subhanallah. Nimezeeka, na nikikumbuka bado nywele zinanisimama.

Sasa wewe, na wenzako mliotoka jeshini mkarudi skuli, nasema wazi. Maradhi ya roho ni maradhi kama homa. Nenda kwa daktari, tena mchana. Dawa imeze, maneno yatoe, wala usingoje upone ndiyo urudi darasani. Kaa karibu na mlango, lakini kaa. Ukikosa wa kukusindikiza, buibui langu liko msumarini.

Mola akupe usingizi wa mtoto aliyeshiba, na kila kitakachoanguka juu ya paa lako, kiwe nazi tu.