Fidla ya Kumwanzishia Mama Mdogo

Nilikuwa na fidla tisa kwenye kompyuta, na hata moja haikumpendeza mama mdogo.

Si fidla za mbao. Miye natunga muziki kwa kompyuta hapa Kibiti mjini, kwenye chumba cha uani, na fidla zangu ni za kurekodiwa. Watu huko mbali walimkalisha mpigaji mmoja, wakamrekodi noti moja moja: akipiga kwa upole, akipiga kwa hasira, akitelezesha kidole kutoka noti hii kwenda ile. Nikibonyeza kinanda, kompyuta inanitolea yule mpigaji. Kumchagua ndiyo kazi. Ukitumia kundi zima la fidla unaweza kudanganya, zinafichana. Ikiwa moja peke yake, kila kasoro iko nje.

Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu, alikuwa amekuja kwangu kutoka kijijini Mbuchi ili awe karibu na kliniki. Alitolewa uvimbe shingoni. Uvimbe ukaenda, sauti nayo ikaenda. Akabaki na mnong'ono. Daktari alimwambia huenda ikarudi, huenda isirudi, asubiri. Angesubiri, lakini binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa mara tu baada ya mavuno, na kwao siku ya kumtoa bi harusi nje mama mzazi ndiye anayeanzisha wimbo. Anapiga ukelele mmoja mrefu, wenzake wanaitikia, ndipo mlango unafunguliwa. Dada haanzishi, shangazi haanzishi. Ni mama tu.

"Nitafutie humo ndani wa kunianzishia," alininong'oneza, akiionyesha kompyuta kwa kidevu. "Lakini awe kama miye."

Nikaona hilo dogo. Loo, kujiamini kwangu! Hakuna ala inayokaribia sauti ya mtu kama fidla, nikaanza na ile ninayojivunia kuliko zote, tamu, ina mtetemo mzuri, imerekodiwa ukumbini na mwangwi wake. Mama mdogo akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Huyu anataka kuposwa," akasema.

Ya pili: "Huyu ameshiba sana." Ya tatu nilidhani ndiyo, maana nilihangaika nayo asubuhi nzima nikipunguza mwangwi. "Huyu yuko ndani ya nyumba, mwanangu. Hajasimama shambani hata siku moja."

Nilikasirika, nisiseme uongo. Mtu hajawahi kushika kinanda, ananihukumia wapigaji waliosomea! Lakini hasira yangu haidumu pakiwa na kitu nisichokijua, na hapa nilitaka kujua anasikia nini ambacho miye sikisikii. Nikamuuliza. Akashindwa kueleza, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Hiki cha nini?"

Kilikuwa kitufe cha mkwaruzo, ile sauti ya uta unapogusa uzi kabla noti haijatoka. Miye hukishusha hadi mwisho siku zote. Ndiyo kazi safi, nilifundishwa hivyo, na wateja wangu wa kaswida na wa harusi hawataki makwaruzo. Nikamweleza.

"Kipandishe."

Nikakipandisha kwenye fidla ya nne, ile kavu isiyo na mwangwi, ambayo nilikuwa sijawahi kuitumia kwa sababu niliiona ina sauti ya pua. Akaniambia niondoe na mtetemo. Nikaondoa. Nikapiga noti ya juu, nikaitelezesha chini polepole. Ikaanza kwa kukwama kidogo, kama mtu anayesafisha koo, kisha ikachomoka. Nywele zikanisimama mkononi. Lakini mama mdogo hakusema ndiyo.

"Miye sijisikii mwenyewe," akasema. "Wanaonijua sauti ni wenzangu wa madungu. Twende tukawaulize."

Inabidi nieleze. Mpunga ukianza kutia maziwa, Mbuchi watu huhamia shambani kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasiule. Kila shamba lina dungu lake, kibanda juu ya miti, na wanawake hukaa humo toka alfajiri mpaka jua linapotua. Ndege wakija, mmoja anapiga ukelele, wa dungu la pili anapokea, wa tatu anapokea, mpaka ndege wanasukumwa nje upande wa mikoko. Wako mbali, hawaonani. Wanajuana kwa sauti tu. Na sauti usiyoijua huipokei, maana watoto wapita njia hupiga kelele za mzaha na kuwachosha watu bure.

Basi tukaenda, miye na kompyuta mgongoni na spika ya kuchaji. Wifi yake, aliyekuwa akimwangalizia shamba, akatupisha dunguni, akaenda zake nyumbani kupika. Hakuna mwingine aliyetuona. Kupanda lile dungu na vyombo vyangu ilikuwa kituko, ngazi imelegea, miye nimeikumbatia spika, na mama mdogo anacheka bila sauti, mabega tu yanaruka.

Nikaanza na ile tamu ya ukumbini. Ndege hata hawakushtuka. Kisha sauti ya mwanamke kutoka dungu la mbali: "Nani huyo kaleta redio shambani?" Kikafuata kicheko. Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu. Hakuna aliyepokea. Nilikuwa nimekata tamaa, na kusema kweli niliona haya, kana kwamba nimemtoa mgonjwa kitandani kwa upuuzi wangu.

Nikafungua ya nne. Nikahakikisha mkwaruzo uko juu, nikasubiri mpaka kundi la ndege liliposhuka, nikabonyeza.

Ndege wakainuka wote. Na kabla noti haijafika chini, dungu la kushoto likapokea. La mbele yake likapokea, halafu lingine, na lingine, sauti zikienda zikipungua mpaka kule mikokoni. Nilipiga makofi kama mtoto. Nimeipata! Nikamgeukia mama mdogo ili tufurahi wote, nikamkuta ameziba mdomo kwa upande wa kanga.

Ndipo ile sauti ya mwanzo, iliyouliza redio, ikaita tena, safari hii bila mzaha wowote:

"Dada! Umepona? Ni weye?"

Na kabla sijajua la kufanya, vigelegele vikaanza, dungu kwa dungu. "Kapona! Alhamdulillahi, kapona!" Mwingine akapaza sauti kwamba sasa bi harusi ana wa kumtoa.

Roho iliniuma vibaya. Nikashika nguzo ya dungu, nikavuta pumzi niwaambie jamani, hapana, ni kompyuta hii, mtusamehe. Mama mdogo akanikamata mkono. Alijaribu kwanza kuwajibu mwenyewe, nilimwona, shingo ikamkakamaa na kovu likavutika, ukatoka upepo mtupu. Kule wakaita tena: "Dada, mbona kimya?"

Akaniachia mkono, akaufuta uso wake, akasogea mpaka sikioni kwangu.

"Watajua tu, siku haziko mbali," akanong'ona. "Leo wajibu kwa fidla hiyo. Piga tena."

Nikapiga.