Baridi ya Kiti cha Utingo

Baba mkubwa alikuwa na lori kuukuu ambalo lilistahili kuamkiwa shikamoo. Bati lake lilizeeka mpaka kutu yenyewe ikachoka, lakini injini ilitoka kwenye basi lililopinduka. Ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake, kwa hiyo alipoipandikiza alikata bati la mbele, ikaingia kidogo kebini upande wa abiria. Tangu siku hiyo, dereva aliendesha na abiria akaokwa.

Abiria mwenyewe alikuwa mama mkubwa. Miaka yote ya kubeba matofali, yeye ndiye aliyekuwa utingo: anakagua mzigo, anagombana na wanaopunja, anapiga bodi makofi gari liondoke. Mumewe alimwita Utingo hata mezani, naye alimwita Dereva. Majina yao mengine yalitumiwa na hospitali tu.

Kisha moyo wa mama mkubwa ukatanuka. Miguu ikavimba, na akilala chali anakosa pumzi, basi akawa analala kwenye kiti, kaegemea mito, akisinzia vipande vipande. Daktari alisema asikose kliniki na joto asilisogelee. Mdogo wake, yaani mama mdogo wangu, akaleta teksi mpaka mlangoni.

"Nimepanda lori nikiwa mzima," mama mkubwa akasema, "leo naumwa ndiyo nipande gari la mtu nisiyemjua?"

"Dada, lile ni jiko lenye magurudumu."

"Basi Dereva atalizima."

Baba mkubwa akaenda kwa fundi wa AC, jibaba moja ambalo mtaa mzima uliliita Friji. Friji akafunua boneti, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mzee, hii injini haijawahi kuiona AC hata ndotoni. Kompresa nitaifunga wapi, shingoni kwako?"

"Tengeneza pa kuifunga."

"Niletee chuma basi. Kigumu, kisichotikisika."

Baba mkubwa akarudi nyumbani, akachukua spana akafungua kitanda chao cha chuma. Hakuna aliyekilalia tena, maana yeye mwenyewe alikuwa analala chini, karibu na kiti cha mkewe.

"Dereva, unaniuzia kitanda?"

"Nakihamishia kwenye lori."

Mama mkubwa alicheka hadi akakohoa.

Friji alikata kile chuma, akakitoboa, akakifunga ubavuni mwa injini. Mara ya kwanza mkanda ulikaa upande ukaruka, mara ya pili maji yakachemka, ikabidi waongeze feni mbele ya rejeta. Hatimaye baridi ikatoka kweli. Matundu ya kupulizia yalikuwa mawili, na baba mkubwa akayageuza yote upande wa abiria.

"Na wewe?" Friji akauliza.

"Mimi nina dirisha."

Kulikuwa na kasoro moja tu. Injini ikizimwa, baridi inakatika hapo hapo na joto lote linarudi kebini.

Siku ya kliniki mama mkubwa alipanda lori kwa kusukumwa kama gunia, akitukana huku anacheka. Kabla hawajafika mbali, kichwa kikaegemea kioo. Akalala. Alilala usingizi wa kukoroma, ambao baba mkubwa hakuwa ameusikia tangu ugonjwa uanze. Walipofika hospitali, baba mkubwa akashika ufunguo, akauachia. Kidogo tu, akajisemea. Mlinzi akamfukuza kwa sababu ya moshi, naye akasogeza lori pembeni ya ukuta, injini ikiunguruma.

Mama mkubwa alipoamka, kliniki ilikuwa imefungwa.

"Umeniacha nilale?"

"Ulikuwa unakoroma."

"Kwa sauti?"

"Kuishinda hii injini."

Wakapangiwa wiki inayofuata. Hakuifikia. Alifia kwenye kile kiti chake, kati ya mito.

Msibani baba mkubwa alisimulia yote mwenyewe, bila kuulizwa. Mama mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbele za watu, "Shemeji, ulimfikisha mpaka mlangoni." Basi. Daktari alituambia huenda kliniki ile isingebadilisha kitu, lakini ile "huenda" haikumsaidia mtu.

Matanga yalipoisha, mama mdogo alikuwa na masufuria na viti vya kurudisha kwake, na gari la kuvibeba lilikuwa lile lile. Akakaa kiti cha utingo, mimi katikati. Hakumsemesha shemeji yake. Tangu msiba uanze alikuwa hajalala vizuri, na ile baridi haikujali nani kamnunia nani. Njiani kichwa chake kikaangukia kioo.

Tulifika getini kwake. Baba mkubwa akavuta breki ya mkono, injini akaiacha ikiunguruma. Nilinyoosha mkono nimwamshe mama mdogo, baba mkubwa akatikisa kichwa. Tukakaa. Jua lilikuwa linamkaanga upande wake, jasho likimchuruzika kidevuni, shati limemganda mgongoni.

Mama mdogo akafumbua macho. Akatazama geti.

"Tumefika zamani?"

"Sasa hivi tu," baba mkubwa akasema.

Mama mdogo akalitazama lile shati. Akayatazama matundu mawili, yote yakimpulizia yeye. Hakufungua mlango. Alinyoosha mkono, akaligeuza moja kuelekea kwa shemeji yake.

Baba mkubwa akalirudisha.