Maji Niliyomwachia Shemeji

Shemeji yangu alirudi kutoka machimbo ya Rubaya mwaka uleule tuliomzika mume wangu. Huko alikuwa akiosha mchanga wa koltani, na machimboni anayeshika maji ndiye anayeshika kila kitu. Akaja na mawazo hayo hadi kwetu, kwenye mteremko ulio juu ya Kirotshe.

Shamba langu la miembe liko chini ya lake. Mfereji unatoka kijitoni, unapita kwake, kisha unashuka kwangu. Zamani yeye na mume wangu waligawana siku za maji, na hapakuwa na maneno. Sasa nilikuwa mjane mwenye mabinti tu, na katika ukoo ule mabinti hawahesabiwi penye ardhi. Kikao cha familia kikaamua kunipa msimu mmoja. Miti ikizaa, nibaki. Isipozaa, shamba liende kwa shemeji, nami nirudi kwa baba yangu. Mama mkwe ndiye aliyelitamka neno hilo, bila kunitazama.

Mvua ilipokatika, shemeji akaziba mfereji kwa mawe na matope. Nilipanda kumwuliza.

"Maji njo inaanzaka kwangu," alisema, ameketi na viatu vyake vya mpira vya machimboni. "Yako iko ile ya mvua. Uombe Mungu."

Nilikuwa na jembe mkononi, na kwa muda nilikitazama kichogo chake kwa hamu. Kisha nikakumbuka. Mwaka mmoja, yeye akiwa Rubaya, udongo uliporomoka ukaziba mfereji kiangazi kizima. Tulidhani tumekwisha. Kumbe mwembe ukishiba maji kabla ya kuchanua unatoa majani tu. Ukipata kiu kwanza, unatoa maua. Mwaka ule ilibidi tuegemeze matawi kwa nguzo yasivunjwe na maembe. Shemeji hakulijua jambo hilo, na sikuona sababu ya kumwambia.

Basi nikalia. Kila Jumapili baada ya ibada nilimsimamisha mlangoni pa kanisa, watu wakitazama. "Shemeji, unihurumie, miti yangu inakauka!" Kadiri nilivyolia ndivyo alivyozidi kumwagilia. Miti yake ikatoa majani mapya, mekundu, yanayong'aa, akawa anaalika watu waje kuyaona. Yangu ilisimama na vumbi, majani yamejikunja. Niliogopa, sitasema uongo. Nilikuwa nikishika gome la mti mmoja baada ya mwingine nikimtukana shemeji kwa sauti ndogo, na matusi hayo yalinipa nguvu kuliko chakula.

Maua yakatoka. Ukiyatazama kutoka juu, maua ya mwembe hayana tofauti na vijiti vilivyoungua na jua, naye kushuka hadi shambani kwangu aliona ni kujishusha. Maua yakawa vitunda vidogo kama punje za maharage. Hapo ndipo miti ilipohitaji maji kweli, la sivyo vyote vingepukutika.

Nikachimba kisahani kipana cha kushika maji kuzunguka kila mti. Kati ya miti nikapanda mistari michache ya maharage, na yalipoota nikapandisha mteremko hadi kwa shemeji, safari hii bila machozi.

"Shemeji, umenishinda. Miti basi. Niko na maharage tu sasa. Nakuomba kitu kimoja: usifungue maji, itaozesha maharage yangu."

Alicheka hadi akashika tumbo. Kesho yake asubuhi maji yalishuka yakinguruma, yakajaa kila kisahani.

"Mama, maharage iko inaogelea?" shemeji alipiga kelele kutoka juu.

"Iko inaogelea, shemeji! Maskini miye!" nilijibu, nimefunika mdomo kwa kitenge nisisikike nikicheka. Aliyaacha yatiririke hivyo mpaka mvua ziliporudi.

Siku ya kikao nilibeba mabeseni ya maembe hadi uani kwa mama mkwe. Mama mkwe akamenya moja, akala, akajipangusa kidevu. Akamgeukia mwanawe.

"Na yako iko wapi?"

"Mwaka hii ilitoa majani, mama."

"Basi shamba ibaki kwa mwenye kutoa matunda."

Shemeji akanitazama sana. "Maharage je?" aliuliza polepole.

"Ilioza yote, shemeji. Aksanti kwa maji."

Nilimchagulia embe kubwa kuliko yote, nikampa kwa mikono miwili. Kwetu mtu hakatai chakula mbele ya mama yake. Akala. Nilisimama palepale nikamtazama mpaka akamaliza, na nilifurahi, na hata leo sijatubu.

Kokwa aliitupa chini. Niliiokota, nikaipanda upande wangu wa mpaka, kando ya njia anayopita kila siku akienda kufungua maji.