Alfajiri za Mwende

Juzi mjukuu wangu alipita Eastleigh, kwenye maduka ya Wasomali, akaninunulia maziwa ya ngamia, akijua nayapenda. Nilipofungua chupa, harufu ya moshi ikanipanda puani kabla sijaonja. Wasiojua husema maziwa yameungua. Hayajaungua. Wanawake wa Kisomali hufukiza vyombo vyao kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike upesi, na ule moshi hukaa ndani ya maziwa kama chumvi ndani ya mchuzi. Nilikaa na ile chupa mkononi, bibi mzima nisiye na meno ya kutosha, na badala ya kushukuru nikajikuta nimenuna. Harufu ile kwangu ni alfajiri ya Garissa, na alfajiri ya Garissa, wenzangu, ndiyo saa niliyonyang'anywa mama yangu.

Sisi ni Wataita. Baba alikuwa dresa wa hospitali, mwosha vidonda na mpiga sindano, na baada ya vita vile vikubwa serikali ilimpeleka Garissa, nami nikiwa msichana wa miaka minane hivi. Nyumba za wafanyakazi zilijipanga nyuma ya boma, karibu na mto Tana, na majirani zetu walikuwa wageni kama sisi: Wakamba wa polisi, Wajaluo wa ofisini, Wapokomo wa kivukoni. Wenyeji walikuwa Wasomali, na mji wote ulikwenda kwa saa ya msikiti. Wakristo tulikuwa wachache kiasi cha kujuana kwa kikohozi. Kanisa letu lilikuwa na kuta za udongo na paa la makuti ya mkoma, na ndani tulikalia magogo yaliyotoa utomvu ukagandamana na nguo za Jumapili.

Nilipokuja kulijua kanisa hilo vizuri lilikuwa limeshaanza kufa, na chanzo chake kilikuwa nyumbani kwetu. Mdogo wangu Danieli alifariki kwa homa kabla hajajua kutembea. Watu wote wa kanisa walikuja kaburini isipokuwa mmoja, Mama Mwende, mke wa koplo Mkamba, ambaye mama alikuwa akienda naye mtoni kila siku. Mama Mwende alikuwa mjamzito, na huko kwao mjamzito hakaribii kaburi la mtoto. Angeweza kutuma neno, lakini hakutuma, akidhani kila mtu anajua. Sisi hatukujua. Mama alichukulia kuwa ni dharau. Muda si muda Mama Mwende akajifungua mvulana mnene mwenye sauti kubwa, na kilio chake kilitufikia kila jioni tulipokaa kula.

Mama akaacha kwenda kanisani. Wataita wengine wakakaa nyumbani kwa kumhurumia. Wakamba wakasema, kama ni hivyo, hata sisi. Wajaluo, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu, walichoka kuimba peke yao. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: karani wa stoo akamwendea Bwana DC, akaomba lile jengo aweke ngozi za ng'ombe na mbuzi zinazongoja lori. Akaambiwa angoje masika yapite. Likiwa bado tupu, ni lake.

Hapo ndipo alipotokea Bibi Rehema. Alikuwa mjane wa Kipokomo, amekuja kukaa na mwanawe wa kivukoni, na huko kwao, Tana inakoelekea baharini, Ukristo ulikuwa wa zamani kuliko wetu. Alivuta ugoro, akapiga chafya katikati ya sala, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea. Hakumuuliza mtu nani ana kosa. Alimwita mama, akamwita Mama Mwende, akawaketisha kanisani kwenye gogo moja, akawapa sharti ambalo mimi nilikuja kuambiwa miaka mingi baadaye.

"Hapa hakuna wa kumuombea mwanawe," alisema. "Kumlilia kifaranga chako, hata kuku anajua. Wewe utamchukua wa huyu, na huyu atamchukua wako. Hapa kanisani, na nyumbani vilevile, hadi nyumba hii ijae watu. Asiyeweza aende zake, akamsaidie karani kubeba ngozi."

Mama alikubali. Danieli aliombewa mara ya mwisho ndani ya kuta zile, na mama hakuweza kuvumilia wazo la ngozi mbichi kutundikwa mahali pale. Hayo mimi sikuyajua. Nilichojua ni kwamba zamani, adhana ya alfajiri ilipolia, mama aliamka, akawasha moto, akaniketisha katikati ya magoti yake akanisuka nywele kabla jua halijawa kali. Wakati huo ndipo Halima, mama wa Kisomali aliyetuletea maziwa, alipobisha, akapima kikombe chetu, akakaa kidogo kuzungumza. Moshi wa kuni, moshi wa maziwa, vidole vya mama kichwani: hiyo ndiyo iliyokuwa mali yangu. Sasa adhana ilipolia, mama alijifunga leso akatoka, nami nikaachiwa kikombe nimpokelee Halima. Nywele zangu zikawa za kusukwa alasiri, haraka haraka, na kwa kuvutwa.

Siku moja nilimfuata. Udongo wa ukuta wa nyuma ulikuwa umebanduka kwa mvua, ukaacha fito wazi, nami nikachuchumaa hapo nikatega sikio. Bibi Rehema alikuwa akivuma tenzi kwa pua. Kisha nikasikia sauti ya mama, ile laini aliyokuwa akizungumza na Danieli.

"Bwana, mkumbuke Mwende. Kifua chake kinakoroma wakati wa vumbi, unakijua. Anaogopa mamba anapochota maji, basi uwe naye mtoni. Mpe akili ya hesabu. Mlinde Mwende, Baba, mlinde kama mboni ya jicho."

Nilingoja jina langu. Wakaimba, wakasema amina, wakaanza kutoka, nami bado nangoja. Kesho yake nikaenda tena, na kesho kutwa, na kila siku ilikuwa Mwende, Mwende, Mwende. Mimi pia niliogopa mamba! Hesabu zangu zilikuwa mbovu kuliko zake! Nilirudi nyumbani nikausukuma uji kando.

Mwende mwenyewe, dada wa yule mvulana mnene, alikuwa mtoto wa rika langu, mwembamba, mwenye tabasamu la kukosa meno mawili. Jina lake kwa Kikamba maana yake ni mpendwa, na hilo nalo lilinichoma. Hakunikosea kitu. Ningependa sana awe amenikosea. Lakini mtu hawezi kumtaja mtoto kila alfajiri halafu ampite njiani kama mbuzi, na mama naye akaanza kumwona. Akamwita amtoe funza. Akampikia mchanganyiko wa asali na tangawizi kwa ajili ya kifua, na asali hiyo baba alikuwa ameileta kutoka safari kwa ajili yetu. Siku moja nilimkuta Mwende ameketi katikati ya magoti ya mama, kichwa kimeinama, anasukwa. Nilisimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani mpaka shingo ikauma. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nami nikajiuliza kama mama alikuwa amesahau ni nani aliyemzaa.

Na kanisa, je? Kanisa lilikuwa likiamka, na hilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Wake wa polisi walikuja kuona hawa mahasimu wawili wanafanya nini alfajiri, wakapewa watoto wa wenzao, wakabaki. Kisha wakaja waume. Koplo, baba yake Mwende, alipewa mtoto wa karani wa stoo, yule yule wa ngozi, akamwombea kwa sauti ya gwaride hadi karani mwenyewe akaanza kupita kule akijifanya ana safari. Watu waliokuwa hawasalimiani wakaanza kuulizana: mtoto wangu anaendeleaje, yaani yule wako.

"Mama Wakesho," Halima alimwambia mama asubuhi moja akimimina maziwa, nami nikiwa pale, maana Wakesho ndiye mimi. "Zamani kanisa yenu nalala, mimi nabita kimya tu. Sasa nyinyi naamka bamoja na adhana. Wallahi, fizuri. Mtu akiomba, Mungu nasikia."

"Ombeni nasi mvua ipungue," mama alicheka.

"Fua? Astaghfirullah! Fua hatuombi ibungue. Ngamia nakula nini?"

Mvua haikupungua. Tana ilifura, ikawa nyekundu, mbu wakaja kwa mawingu. Baba alikuwa ameondoka na msafara wa ngamia kwenda Wajir kuchanja watu, na barabara ikafungwa nyuma yake. Homa ikanishika. Msaidizi wa hospitali alikuja na kwinini iliyokuwa chungu hata masikioni, akanigusa paji la uso, akamtazama mama kwa namna ambayo hata mtoto huielewa. Danieli alianza hivyo hivyo.

Adhana ya alfajiri ilipolia mama hakuinuka. Alikuwa ameshika mkono wangu. Nami nikaona hapa ndipo, leo hana pa kukimbilia.

"Mama," nilisema, "leo usimwombee Mwende. Niombee mimi."

Alifungua kinywa. Niliona kabisa midomo yake ikianza kutengeneza jina langu. Kisha akaifumba, akauachia mkono wangu, akachukua leso akatoka mbio kwenye mvua. Wenzangu, nimezika mume, nimezika ndugu, lakini mgongo ule wa mama ukiingia mvuani sijaona cha kuufananisha nao. Niligeukia ukuta nikalia bila machozi, maana homa ilikuwa imeyakausha.

Alirudi na Mama Mwende, wote wawili wameloa chapa. Mama Mwende hakuwa amekanyaga nyumba yetu tangu msiba. Alipiga magoti kitandani pangu, akashika nyayo zangu zote mbili kwa mikono yake baridi, akaanza kuomba, nusu Kiswahili, nusu Kikamba.

"Ngai, ni Wakesho. Nimekwambia habari zake kila siku. Ndiye huyu anayeng'ata kucha. Ndiye anayeogopa mamba akasema haogopi. Ndiye anayeimba vizuri akidhani hakuna mtu. Usimchukue, Ngai. Huyu ni wangu, ulinipa wewe mwenyewe."

Nilishangaa jinsi alivyonijua. Lakini sikumtaka yeye. Nilimtazama mama aliyesimama mlangoni, maji yakimtiririka. Uso wake ulikuwa umejikunja, na niliufahamu mkunjo ule kwa sababu nilikuwa nauvaa mimi kila siku.

"Dada," mama alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tena, "ngoja. Nina neno. Nilikuonea wivu mtoto wako aliyelia wakati wangu amenyamaza. Haikuwa habari ya kaburi tu. Nilitamani na wako anyamaze. Na sasa hivi, hapa, nakuonea wivu kwa sababu unamwombea mwanangu nami siwezi."

Mama Mwende hakuacha nyayo zangu. "Nilijua," alisema polepole. "Nami niliogopa kuja kwako, nikajificha nyuma ya mila. Mila ilinizuia siku ya kaburi. Siku zilizofuata nilijizuia mwenyewe."

Kisha mama akapiga magoti karibu naye, bega kwa bega, akamwombea Mwende. Mimi nimelala pale nachemka, na mama yangu anamwombea Mwende, aliyekuwa mzima nyumbani kwao anakunywa chai! Nililala usingizi nikiwa na hasira hiyo, na nilipoamka jasho lilikuwa limelowesha mkeka na homa imevunjika.

Jumapili iliyofuata nilibebwa mgongoni kwenda kanisani. Mama alisimama mbele akayarudia maneno yale yale, bila kuyapunguza. Kisha mtu mmoja akasimama, na mwingine, wakamalizana mambo yao mpaka jua likawa la utosi. Waliokosa magogo walisimama nje kwenye matope. Masika yalipokwisha karani wa stoo alijengewa banda lake upande wa pili wa boma, na ngozi alizokuwa akizingoja alizitundika huko.

Watu wa nyakati zile walisimulia kwamba kanisa la Garissa lilifufuliwa kwa maombi, na sina la kubisha. Nililiona likifa, nikaliona likisimama. Lakini swali langu nililibeba hadi nikaolewa, nikazaa, na siku moja, mama akiwa mzee kwetu Taita tukichambua maharage barazani, nikalitoa. Ndipo aliponieleza lile sharti la Bibi Rehema. Nikamuuliza kama alilishika hata asubuhi ile ya homa, hata moyoni, mahali ambapo Bibi Rehema asingesikia.

"Hata moyoni," alisema bila kuinua macho. "Ningeanza na wewe, Wakesho, nisingefika kwa mtu mwingine."

Nilikuwa mama wa watoto wanne siku hiyo, kwa hiyo nilijua gharama ya neno lile. Nilijua ni nini alichokifungia kinywani alipoingia mvuani, na kwamba nilipendwa kuliko nilivyoweza kukisia kutoka nyuma ya ukuta. Nilimshika mkono nikamshukuru, na nilimaanisha. Lakini kwenu sitaficha. Zile alfajiri mama alizimwaga zote kwa Mwende, kwa jina lake, kwa sauti ile laini, nami mpaka leo nazitaka.