Jicho Lipi? Nionyeshe

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nyumba hii ya Kamachumu, mashine ya kukoboa kahawa, watoto kufika vyuoni, yote yametoka mikononi mwangu, kwa hiyo mtu asinifundishe kazi ni nini. Mjukuu wangu anayesomea udaktari alipokuja likizo, akawa anashinda barazani akifuata masomo kwenye simu aliyoiegemeza kwenye debe, nilimwambia wazi.

"Udaktari wa kwenye simu huo utampasua nani? Debe?"

"Hapa hatupasui mtu, Babu. Tunajifunza jinsi ya kutomdhuru mgonjwa aliyekuja kutibiwa."

"Kumbe mnawadhuru?"

"Wakati mwingine, ndiyo."

Hapo alinipata. Mtu anayetaja ubaya wa kazi yake bila kuzungukazunguka, huyo naweza kukaa naye tukaongea.

Mwalimu wao alikuwa Dar es Salaam, na wanafunzi wametawanyika nchi nzima. Siku hiyo aliwapa zoezi: kila mmoja amuulize mtu wa nyumbani maswali ya hospitali, asikilize anavyojibiwa. Mjukuu akamwendea mke wangu, aliyekuwa akimenya ndizi. Mke wangu alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kushoto, na wiki iliyofuata tulitakiwa Bukoba akapasuliwe.

"Bibi, mimi sasa ni daktari. Jicho la kupasuliwa ni la kulia?"

"Ee waitu."

"Ni la kushoto?"

"Ee waitu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha kicheko kikakauka, maana hilo jicho ni la mke wangu.

"Mama watoto, mbona unakubali yote?"

"Daktari ameuliza. Nimbishie daktari?"

Ndivyo tulivyolelewa Wahaya. Mkubwa akikuuliza unaitikia "waitu," kwa heshima, na neno "hapana" unalimeza. Nikaanza kumfokea kwamba ajifunze kukataa kabla ya siku kufika. Mjukuu akanikatiza. Mimi!

"Mwache Bibi, Babu. Hawezi kubadilika kwa wiki moja. Anayeuliza ndiye abadilishe swali."

Akamsimulia mwalimu wake, simu ikiwa na sauti ya juu, sote tunasikia. Mwalimu akasema hiyo "ee waitu" yeye hakuijua, na mjukuu airudie ili wenzake waiandike. Nimefanya biashara na wasomi wengi. Anayeweza kusema "sikujua" mbele ya wanafunzi wake, wa namna hiyo nimekutana nao wachache sana.

Siku ya hospitali ikafika. Akaja muuguzi mtu mzima, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa.

"Mama, leo ni jicho la kulia, siyo?"

"Ee waitu," akajibu mke wangu.

Nikamtazama mjukuu. Naye ni Mhaya, amelelewa kwa "waitu" hiyohiyo. Pale alikuwa mgeni tu, hana koti jeupe, na mbele yake amesimama mwanamke wa rika la mama yake. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo, akaniwahi.

"Waitu mama, samahani. Naomba umwambie atuonyeshe mwenyewe kwa kidole."

Muuguzi akageuka taratibu. "Wewe nani?"

"Mjukuu wake. Nasomea udaktari."

"Na umeshakuwa mganga mkuu?"

"Bado, mama. Ila Bibi anakubali kila swali."

Yule mama akamkodolea macho. Mjukuu hakuinamisha kichwa. Nimewaona wanaume wazima wakishindwa kusimama hivyo mbele ya karani wa kahawa.

"Haya, mama. Jicho lipi? Nionyeshe."

Kidole cha mke wangu kikaenda kushoto moja kwa moja. Muuguzi akasoma karatasi yake, akaisoma tena, kumbe nayo imeandikwa kushoto, akachomoa kalamu na kuchora mshale juu ya nyusi ya kushoto.

"Asante, binti," akasema, wala hakununa. Huyo naye nampa heshima yake. Kukosolewa na mtoto mbele ya wagonjwa na bado ukashukuru, hiyo nayo ni elimu.

Akahamia kitanda cha pili, kwa mzee mmoja aliyejifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Baba, usiniitikie ndiyo. Nionyeshe panapotibiwa leo."

Mzee akagusa jicho la kulia. Akafikiri kidogo. Akagusa na goti.