Boksi Jepesi

Mwaka ule nililipwa kuuliza maswali. Kampuni moja ya mjini, inayouza vifaa na dawa za maabara, ilitaka kujua kama inafaa kufungua depo Kasongo: nani anapima nini, ana akiba gani, ananunua kwa nani, na kama angekubali kubadilisha. Mimi ni mzaliwa wa Kasongo, nimesoma kidogo mambo ya masoko, na nina makalio yanayovumilia pikipiki. Wakanipa simu yenye fomu ndani yake.

Nilianza na vituo vya afya vya karibu na mji, nikamalizia upande wa Kabambare. Kosa la kwanza nililifanya kwa adabu: nilituma habari mapema kwamba ninakuja. Kwetu, mgeni akisikika njiani, watu wanafagia uwanja na kutoa shati la ibada. Kwa hiyo kila maabara niliyoingia ilikuwa safi, na maboksi yamesimamishwa kwenye rafu, majina yakitazama mlango. Nikayahesabu, nikajaza fomu, nikashukuru.

Maabara ya kituo cha mwisho ilikuwa chini ya mzee aliyenifundisha biolojia sekondari. Kwake ndipo nilipoweka jicho kwenye hadubini kwa mara ya kwanza, nikaona kope zangu mwenyewe, nikacheka darasa zima likageuka. Alinipokea amevaa koti jeupe lililopigwa pasi.

"Karibu, mutoto wangu. Labo yetu ni hii. Kila kitu iko."

Rafu ilijaa kweli. Nikanyanyua boksi moja la dawa za kupima kundi la damu, nisome tarehe ya kuisha. Mkono ukapanda juu wenyewe, jinsi lilivyokuwa jepesi. Halikuwa na kitu ndani. Nikamtazama mzee; alikuwa amegeukia dirishani, anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Nilipaswa kuuliza. Swali lenyewe lilikuwepo kwenye fomu, na nafasi ya kuandika upungufu. Lakini nimwaibishe mwalimu wangu mbele ya rafu yake? Nililirudisha boksi taratibu, kana kwamba ni zito, nikaandika: akiba ipo. Njia nzima ya kurudi nilikumbuka kwamba maboksi ya vituo vingine sikuyanyanyua hata moja. Pikipiki sikuigeuza.

Ripoti yangu ilisifiwa. Ilikuwa na ramani yenye rangi. Wakubwa wakasoma kwamba upande wetu watu wana akiba ya kutosha, depo ikapelekwa mkoa mwingine.

Miezi ikapita, ndipo habari ikanifikia. Kitindamimba wa mzee alijifungua palepale kituoni, akatokwa na damu nyingi. Ndugu zake walipanga foleni wamekunja mikono ya mashati, kila mmoja anataka kutoa damu yake. Hakukuwa na dawa ya kupima damu ya nani inamfaa. Wakampakia kwenye pikipiki kuelekea Kasongo, katikati ya dereva na kaka yake, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Hakufika.

Nilikwenda matangani. Nililia kupita ilivyompasa mtu asiye ndugu, na wanawake wa pale wakasema nina roho nzuri. Hilo liliniumiza kuliko tusi.

Siku ya tatu mzee aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda, na lile koti jeupe lilikuwa limeanikwa kwenye kamba.

"Mutoto wangu, ile siku ulinyanyua ile karto ya dawa. Ulisikia haina kitu?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna mwingine aliyeniona.

"Nilisikia, papa."

Nilingoja anifukuze, na ningemshukuru.

"Mimi nilifikiri nimekudanganya," akasema. "Kumbe tulikuwa wawili."

Kisha akasogea kwenye benchi, akaniachia nafasi nikae.